Fundo la Jumapili

Ijumaa asubuhi Khadija alikuta mfuko wa vizibo vya kuhesabia bado umefungwa kwa fundo alilolifunga mwenyewe Jumapili.

“Siwema, huko darasa la kwanza mmejifunza nini wiki nzima?”

“Wenzangu wanahesabu na kuimba. Mimi namtekea mwalimu maji ya nyumbani kwake. Anasema nina shingo imara, mama.”

Khadija aliuchukua ule mfuko, akamshika mkono mpaka shuleni. Ndoo ilikuwa mlangoni, inamsubiri mwanawe. Akaibwaga juu ya meza ya mwalimu.

“Kulikoni, Mama Siwema? Mtoto mwenyewe anapenda!”

“Shingo hata wewe unayo, mwalimu. Kateke.”

Akamkalisha Siwema dawati la mbele. Siwema akaanza kulifungua fundo kwa meno.