Mkono wa Marehemu

"Ruhusa imekataliwa," kompyuta ilimjibu Tima kwa mara nyingine. Akauma meno, akaiandika amri upya, herufi kwa herufi.

"Shemeji, pumzika," alisema Famau, mdogo wa marehemu mumewe, akiwa kochini. "Si lazima iwe leo."

"Nitapumzika ikikubali."

Siku hizi wosia wa marehemu hausikizwi mpaka programu ya kuchambua maandishi isome jumbe za watu wote wa nyumba, kisha iseme maneno yale ni ya nani. Wosia wa Mzamil ulikuwa ujumbe mmoja wa simu: Tima asitolewe kwenye nyumba hii. Famau naye aliitaka nyumba.

Tima akaingia kama msimamizi. Programu ikalalamika kuna kipande kinakosekana, akakipakua. Ikadai haioni folda ya jumbe. Akakuta amekosea jina, akalirekebisha. Hatimaye mistari ikaanza kuporomoka kwenye skrini, na Tima akashusha pumzi.

Mstari wa mwisho ukasimama: "Wosia na jumbe zote za Mzamil: mwandishi ni Tima."

Famau akainuka kochini.

"Mikono yake ilikuwa ikitetemeka," Tima alisema. "Miaka yote yeye akisema, mimi naandika. Nilikuwa namnyooshea kidogo tu."

"Basi niambie alivyosema mwenyewe, kabla hujamnyooshea."

Tima akafungua mdomo. Kila neno la mumewe alilolikumbuka lilikuwa limeshanyooshwa.