Kamera Ndani ya Barafu

Nakunda aliingia duka la kamera na glavu zake nene za sufu. Kesho angepanda mlima wa theluji, na wapagazi wanaume walishasema hawataamini kuwa amefika kileleni mpaka waone picha.

"Chukua hii ya rangi ya waridi, dada," muuzaji alisema. "Nyepesi, ya kujipigia picha sebuleni."

"Sebule yangu ina barafu, kaka."

Akavaa glavu, akazijaribu kamera moja moja. Vitufe vya ile ya waridi havikusikia kidole kinene. Nyeusi, iliyochubuka pembeni, ikatii. Akaifunga vizuri kwenye mfuko wa nailoni, akaizika katika kasha la barafu la muuzaji, katikati ya soda.

"Utaiua hiyo."

"Ikifa hapa, kule mlimani itafika wapi?"

Walisubiri, muuzaji akiuma kucha. Nakunda akaitoa, baridi kama jiwe la mtoni, akabonyeza kitufe cha kuiwasha bila kuvua glavu. Lenzi ikaanza kutoka polepole, ikimwelekea muuzaji.