Bangili ya Kachenje

Siku hizi mwendesha pikipiki wa mbio akianguka, maumivu yake hugawanywa kwa mashabiki waliovaa bangili yake. Wakiwa wengi, kila mmoja huhisi kama kaumwa na siafu tu.

Kachenje alipoangushwa kwenye kilima cha mwisho, Tumsifu, aliyevaa bangili yake, alishika bega pale sebuleni mbele ya runinga. Mumewe, Elibariki, shabiki wa Mollel, aliruka kutoka kwenye kochi.

"Jembe lenu hilo linakula udongo, Mama Neema!"

"Mollel kamgonga makusudi, na umeona."

"Ndiyo mashindano hayo."

Ulikuwa utani wao wa kila Jumapili. Lakini bega halikutulia, likaanza kuwaka moto. Tumsifu akaelewa: Kachenje hashindi tena, kwa hiyo wenzake wanavua bangili.

"Baba Neema, ile ya ziada iko mezani. Ivae kidogo tu, tumpunguzie."

Elibariki aliitazama bangili, akaitazama runinga. Mollel alikuwa anakaribia kumaliza. Akaja kupiga magoti mbele ya mkewe.

"Vua basi," alisema kwa upole, akinyoosha mkono kuifikia bangili yake. "Sipendi kukuona ukiteseka."

Tumsifu aliuficha mkono wake mgongoni, akaubana ukutani, huku maumivu yakizidi.