Uzito wa Elimu

"Kumi na tisa!" Profesa Mshazari alipaza sauti kutoka sakafuni, alikolala kifudifudi chini ya timazi, miwani juu ya miwani. "Milimita kumi na tisa! Bado moja tu livunjwe!"

Wanafunzi wake wakaandika haraka. Ilikuwa Jumatano, siku ya kupima, siku pekee katika juma ambayo hawakuvaa ovaroli, maana kupima hakumchafui mtu isipokuwa Profesa.

Mzee Ovaroli, mtunza karakana, alikuwa akishuka ngazi ya darini na ndoo tupu. Akasimama.

"Livunjwe nini, Profesa?"

"Hili jengo, Mzee wangu. Likiinama milimita ishirini, tingatinga linaingia. Jumatano ijayo, sherehe ya miaka arobaini ya kitivo, tunapima mbele ya kamati."

Mzee aliitua ndoo, kisha akaikalia. Aliishi mlemle darini, chini ya bati, tangu kitivo cha uhandisi kilipofunguliwa. Ndimo alimoingia na mkewe wakiwa maharusi. Mke alishatangulia mbele ya haki, na picha yake Mzee aliipigilia ukutani kwa misumari kumi na sita, kiasi kwamba kuibandua ni kuichana.

Timazi yenyewe, kipimo cha wima wa jengo, ilikuwa kipande cha risasi chenye ncha, kikining'inia kwenye uzi wa chuma uliotoka juu, na chini yake ubao wa vipimo. Mwalimu mwanzilishi ndiye aliyeitundika, na kitivo kizima kilikuwa kikijisomea historia yake hapo. Mwaka wa kwanza wanafunzi walikuwa tisa, jengo likainama milimita moja. Ilipoanzishwa idara ya umeme, likafika nne. Walipoanza kuingia wasichana, saba, na baadhi ya wanakamati wakalaumu vicheko. Idara ya mitambo ilipozaliwa, kumi na mbili. Likizo zikifika, linasimama wima kama askari wa gwaride. Mwaka ule wa mgomo halikuinama hata unywele.

Kutokana na hayo Profesa Mshazari alipata vitabu vitatu, uprofesa, na nadharia moja: elimu ina uzito.

"Mtu akiingia hapa mjinga, ni mwepesi," aliwafundisha. "Akishaelewa hesabu, anaanza kuwa mzigo."

"Hata mama yangu anasema hivyo hivyo," mwanafunzi mmoja alinong'ona.

Mzee hakucheka. Alikwenda moja kwa moja ofisini kwa Mama Mkuu wa Kitivo, ambaye enzi zake alikuwa mmoja wa wale wasichana wa vicheko.

"Mwanangu, hamwezi kusubiri nife kwanza?"

"Baba, usiseme hivyo." Mama Mkuu alivua miwani, akaivaa tena. "Mimi ni mhandisi. Nitabishanaje na timazi?"

"Wewe ulibishana na kila mtu humu. Timazi tu ndiyo inakushinda?"

Mama Mkuu akatabasamu kidogo, kisha akakumbuka ugeni wa kamati. "Nisaidie jambo moja. Nataka siku hiyo wanafunzi wote themanini na wawili wapendeze. Ovaroli safi, asikosekane hata mmoja."

"Jumatano?"

"Jumatano hiyo hiyo."

Mzee alikuna kichwa. Kwa miaka arobaini hajaombwa jambo kama hilo. "Haya. Kama ni kuzikwa, tuzikwe tumependeza."

Jumatano ikafika. Tingatinga likaegeshwa getini tangu asubuhi, dereva amelala ndani, kofia usoni. Wanafunzi wakajipanga ukumbini wakinukia sabuni. Wanakamati wakaketi mbele. Profesa Mshazari, ndani ya suti mpya, akalala chini. Mzee akafumba macho.

"Haiwezekani," Profesa alisema. Akafuta miwani ya juu. Akafuta ya chini. "Sifuri."

Mama Mkuu akakunja sketi, akalala pembeni yake. "Sifuri."

Mwenyekiti wa kamati, mtu wa kitambi cha heshima, naye akajilaza, vifungo viwili vikamruka. "Sifuri kabisa. Na mnisaidie kuinuka." Waliposaidiana kumsimamisha, alimgeukia Profesa. "Wasomi themanini na wawili wamesongamana humu, na jengo halijatikisika! Hiyo elimu yenu yenye uzito mmeificha wapi?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Profesa akabaki sakafuni, maana hakuwa na sababu ya kusimama.

"Jengo linabaki," Mwenyekiti alitangaza. "Ila tingatinga limeshakodiwa mpaka jioni, basi acheni dereva amalizie usingizi wake."

Mzee alilia bila haya. Wanafunzi walimbeba juujuu, wakala keki, wakamwagiana soda hadi ovaroli zikanata kama gundi.

"Zivueni, wajukuu," Mzee aliwaambia. "Zote. Siwezi kuziacha mpaka kesho, leo ni siku ya shukrani."

Akazifua zote themanini na mbili kwa mikono yake, akiimba. Akapanda nazo darini, ndoo baada ya ndoo, zikichuruzika maji. Akaisalimu picha ya mkewe: "Tunabaki, mama." Kisha akavuta kamba yake ya kuanikia, kama alivyofanya kila Jumatano kwa miaka arobaini, kutoka dirishani hadi kwenye kile chuma kirefu kilichosimama katikati ya chumba, chenye uzi mwembamba uliopenya sakafuni kwenda asikojua. Akaikaza kwa goti, akaanza kuanika.

Alikuwa kwenye ovaroli ya themanini sauti ya Profesa ilipopanda kutoka chini, sauti ya mtu aliyefufuka:

"Ishirini! Mwamsheni dereva!"