Usigeuke, Chiriku

"Huyu mama unamjua?"

"Simjui."

"Mtazame vizuri. Anasema yeye ndiye aliyekuzaa."

"Simjui. Mama, twende."

Mama aliweka mwiko chini akapiga makofi. Hapo jikoni yeye ndiye aliyekuwa ofisa wa uwanja wa ndege, yeye ndiye aliyekuwa kichaa, na beseni la vyombo ndilo lililokuwa kamera. Binti yake wa miaka sita, aliyebandikwa jina la Chiriku kwa kuwa mdomo wake haukujua kupumzika, sasa aliweza kumkana mama yake bila hata kope kucheza. Siku za mwanzo ilikuwa vituko vitupu. Mama akianza tu kulia "mwanangu, mwanangu," mtoto huyo anaangua kicheko, au anamkimbilia na kumkumbatia kiunoni.

"Wenzako walikosa nafasi kwa mchezo huo huo," mama alimwonya. "Usicheke. Nikikuita usigeuke. Hata nigaragare chini, mimi si mama yako mpaka wakala mwenyewe aseme 'kata'."

"Na wewe ukisema?"

"Nikisema mimi haihesabiki. Unakaza tu."

Wakala wa waigizaji watoto alikuwa mwanamke mpole, sauti kama ya mwalimu wa chekechea. Aliwakuta kwenye duka la viatu, Chiriku akijisemesha mbele ya kioo, akasema sura kama ile haikuumbwa kukaa ndani. Mama hakuwa mjinga. Dada yake alikuwa amemjaza maneno: watu wa filamu si wa kuwaamini, na mtoto asiachwe na mwanamume hata dakika moja. Kwa hiyo akatoa masharti yake waziwazi. Pesa hatoi, na mtoto hambandukii.

"Senti yako siitaki," wakala alijibu. "Na mazoezini uwepo kila siku. Tena mfundishe wewe mwenyewe. Hakuna mtoto anayemsikiliza mtu kama anavyomsikiliza mama yake."

Basi moyo ukatulia tuli, na dada mtu akaambiwa apunguze roho mbaya.

Hadithi ya filamu ilikuwa nyepesi. Mtoto anasafiri na mama yake. Wakiwa uwanjani, anazuka kichaa mmoja anayedai mtoto ni wake. Chiriku alipigwa picha za kila aina, akapewa jina jipya na pasi ya kusafiria ya maigizo, iliyofanana na ya kweli mpaka mama akaigusagusa kwa mshangao. Akaletewa pia mama wa filamu, mwanamke mrefu anayenukia vizuri, aliyemzoea mtoto upesi kwa pipi na masimulizi. Jioni moja mezani Chiriku alitamka "mama," na alipogeukiwa akasema, "Si wewe, namfikiria yule mwingine." Iliuma, tusidanganyane. Lakini mama aliumeza wivu wake pamoja na chakula, akajiambia kazi ndivyo ilivyo.

Asubuhi ya kupiga filamu walifika uwanjani mapema. Mama alimchana Chiriku nywele mara ya mwisho, akamtoa uchafu usiokuwapo shavuni, akamkabidhi kwa yule mrefu.

"Kamera zimefichwa," wakala alinong'ona. "Kwenye maua, kwenye nguzo, hata kwenye vifungo vya makoti. Tunataka watu waonekane wa kawaida. Wewe kaa huku nyuma ya kioo, akikuona atacheka."

"Na yule kichaa? Mbona sijamwona mazoezini hata siku moja?"

Wakala alimtengeneza vizuri ukosi wa blauzi. "Atafika. Yeye hahitaji mazoezi."

Nyuma ya kioo, mama alibana mikono kifuani. Alimwona Chiriku akinyoosha pasi yake juu ya kaunta. Ofisa aliuliza kitu, akamnyooshea kidole yule mrefu. Midomo ya Chiriku ilifunguka na kufungika, na mama akaisoma bila shida: Mama. Mhuri ukagongwa. Jamani, mtoto yule! Machozi ya fahari yalimlengalenga, akageuka amshike wakala mkono.

Kiti cha wakala kilikuwa kitupu. Atakuwa amekwenda kwenye kamera, mama alijiambia. Kule mbele, wawili wale walikuwa wamefika karibu na mlango wa mwisho, wakitembea polepole, mkono kwa mkono. Kichaa hakuwa amefika. Hakuna aliyesema "kata."

"Samahani, ndugu," alimwambia mfanya usafi aliyepita na ndoo. "Watu wa filamu wako upande gani?"

"Filamu gani, mama? Hapa hata picha ya simu hairuhusiwi."

Mama alimsukuma kando. Aliruka kamba, akaacha kiatu kimoja, akapita katikati ya mizigo ya watu. "Chiriku! Mwanangu! Jamani, wananiibia mwanangu!" Askari wawili walimdaka, akajitupa chini, akagaragara, kitambaa cha kichwa kikamvuka. "Kata!" alipiga kelele. "Basi, mwanangu! Kata! Kata!" Abiria walivuta watoto wao pembeni.

Ofisa mmoja aliwasimamisha wale wawili mlangoni, akainama hadi usawa wa uso wa Chiriku. "Usiogope, mtoto mzuri. Huyu mama unamjua?"

Chiriku alimtazama mama yake pale sakafuni. Hakuwahi kumwona akiigiza vizuri namna hii. Kicheko kilimfika kooni, akakaza.

"Simjui," alisema. "Mama, twende."