Usingizi wa Zawena

Kitendawili: mlango wangu hauna kitasa, kila mtu huupita, hakuna aliyejiona akipita. Jibu lake ni usingizi. Siku hizi hata usingizi wa upasuaji tunachaguliana wenyewe, ndugu kwa ndugu.

Nesi alituwekea sindano mbili. "Hii nyeupe kama maziwa inalaza vizuri, ila moyo wa Zawena ni dhaifu, unaweza kusimama. Hii nyingine inaulinda moyo, lakini akiamka atakuwa amemsahau kabisa aliyemchagulia."

Binti yangu Tabia, mama wa Zawena, akaanza kulia. "Mama, akinisahau mimi, nitamleaje?"

"Nani kakwambia uchague wewe? Hebu sogea huko." Nikaigusa ile ya kulinda moyo.

Zawena akanikonyeza kitandani. "Bibi, usiondoke lakini."

"Niende wapi, mke mwenzangu?"

Aliamka salama, moyo unadunda vizuri. Akamkumbatia mama yake kwa nguvu. Kisha akaniona mimi, akajiweka sawa kama mtoto aliyefunzwa adabu.

"Shikamoo," alisema. "Mama, mpishe mgeni kiti."

Nikaitikia marahaba, nikakaa.