Kidole cha Mama Kwenye Mazabodi

Jamani, siku hiyo dukani Korogwe nilikuwa naongea kama redio! Tulitoka Kwedizinga asubuhi, mimi na mama, kununua vifaa vya kompyuta ya nyumbani.

“Mama, tuchukue hii mazabodi, bodi kuu ya kompyuta. Grafiksi imo humo humo, hatununui kadi ya picha. Kebo ya skrini unachomeka hapa pembeni, unaona?”

Nikamwekea mkononi. Muuzaji akacheka. “Dada, chuo umekwenda kweli wewe!”

Mama aliinamia ile bodi. “Naona, Zuena. Hapa, eeh?”

Kidole chake kilikuwa kwenye tundu la spika. Kikasogea polepole, kikipapasa, kikalipita tundu la skrini, kikarudi, kikalipita tena. Kidole chenye makovu ya sindano, kilichonishonea sare zangu zote za shule.

Alipoinua uso kunitazama, macho yake yaliishia shingoni kwangu.

Cherehani yake niliikuta imefunikwa niliporudi kutoka chuo. Aliniambia wateja wamepungua.

“Mama,” nikasema taratibu, “tangu lini?”

Alimgeukia muuzaji, bodi ameishika kifuani kwa mikono miwili.

“Mwanangu, tupe hii hii yenye picha ndani. Hela ya hiyo kadi tuongezee kwenye skrini.”

“Unataka skrini ya ukubwa gani, mama?”

“Kubwa,” mama akasema. “Kubwa kuliko zote ulizonazo.”